Mpini unaokaa mkononi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kibanda changu kiko Nyakato, Mwanza. Kinachonilisha ni vitanda, milango na fremu za madirisha, lakini kinachojaza benchi la nje kila asubuhi ni mipini: ya majembe, mashoka, nyundo, mapanga, visu vya samaki. Wagonga kokoto, wakulima wa mpunga kutoka Magu, mafundi mitumbwi wa Mwaloni pale Kirumba, wote wanafika na neno moja: "Fundi, mpini huu unaniua mkono." Maswali yao yanafanana, na simu yangu imejaa majibu yale yale niliyoyaandika kwa kidole gumba. Nimeyakusanya hapa. Wewe unayejua kushika randa unaweza kuruka mengi, ila lile la matambara ya mafuta usiliruke.

Mkono unauma kwa sababu mpini ni mgumu. Nikiuvika kitu laini si mambo yataisha?

Hapo ndipo wengi wanapoanzia, na ndipo wanapopotea. Ugumu wa mti si tatizo kubwa. Kinachoumiza ni kukaba. Mpini mwembamba mno unakulazimisha ukunje vidole hadi kucha zikaribie kuchoma kiganja. Mnene mno, vidole havifungi, kwa hiyo unaukaba usikuponyoke. Unaoteleza unaukaba. Unaojizungusha mkononi unaukaba mara mbili. Ukishinda mchana kutwa unakaba, jioni hata tonge la ugali unalifinyanga kwa taabu.

Jipime hivi: fanya kazi kama dakika kumi, kisha simama ghafla bila kuachia mpini na utazame kucha zako. Zikiwa zimepauka, damu imekimbia, unakaba. Sasa legeza mkono nusu, uendelee na kazi. Kama chombo kinatulia, ilikuwa mazoea tu na mpini hauna kosa. Kama kinageuka au kinachomoka, lete mpini tuzungumze.

Kwa hiyo mimi huanza na unene, halafu umbo, halafu uso wa mti. Kuvika ni mwisho kabisa, na mara nyingi hatufiki huko.

Unene sahihi ni upi?

Kwa chombo cha kushika kwa ngumi nzima, yaani nyundo, panga, shoka, kipenyo kiwe kati ya milimita 30 na 45. Kwa mikono mingi ya watu wazima, milimita 38 hivi inakaa vizuri. Sasa nani ana kipimo cha kipenyo nyumbani? Chukua uzi, uzungushe mpini mara moja, halafu unyooshe uzi kwenye rula. Sentimita 12 ni sawa na hiyo 38. Mkono mdogo utapenda sentimita 10 hadi 11. Chini ya 9 na nusu ni fimbo, na zaidi ya 14 ni mti wa nyumba.

Kipimo cha pili hakihitaji uzi. Shika mpini kawaida: ncha ya kidole cha kati ikaribie nyama ya shina la kidole gumba bila kuikandamiza. Ikichimba pale, mpini ni mwembamba. Ukiona pengo la vidole viwili, ni mnene.

Vyombo vya kazi ndogo, vile unavyovishika kwa ncha za vidole kama unavyoshika kalamu, ni habari nyingine: bisibisi ndogo au kisu cha kuchongea nakshi kinataka milimita 8 hadi 16 tu. Na urefu wa mahali pa kushika usipungue sentimita 10. 12 ni bora. Mpini unaoishia katikati ya kiganja unachimba palepale mishipa inapopita.

Alikuja mama mmoja anayegonga kokoto kwenye vilima vya huku kwetu, nyundo yake ameifunga kwenye kanga. Mpini ulikuwa umeviringwa mpira mpaka unafanana na mguu wa kiti. Nikapitisha uzi: sentimita 17. Nikaomba ruhusa nimenye. Juu kulikuwa na tyubu ya baiskeli. Chini yake kitambaa cha kanga kilichokauka jasho na kuwa kama karatasi. Chini yake tyubu nyingine, nene, nadhani ya pikipiki. Halafu selotepu ya fundi umeme. Na ndani kabisa, kijiti cha sentimita 8, chembamba kama mpini wa fagio. Hapo nikaelewa historia yote. Ulianza kuuma kwa sababu ni mwembamba, akaongeza tabaka. Ukauma tena, akaongeza. Mwisho ukawa mnene kiasi kwamba anaubeba kwa nguvu za kiwiko.

Nikamchongea mwingine wa mpera, sentimita 10 na nusu, mtupu. Akaukamata, akaniangalia kama nimemwibia. "Mbona mgumu hivi, baba?" Nikamwambia, "Mayu, nenda nao siku tatu, ukikushinda urudi nikufungie tyubu bure." Alirudi baada ya wiki akiwa na nyundo ya jirani yake.

Uwe wa mviringo au wa umbo la yai?

Chombo chochote chenye makali au uso wa kupigia kinataka umbo la yai. Shoka, panga, tezo ile ya kuchongea mitumbwi, nyundo, vyote. Sababu ni kwamba kiganja chenyewe kinajua makali yameelekea wapi bila jicho kutazama, na chombo hakijigeuzi kinapogonga kando. Mviringo kamili uache kwa vitu ambavyo mkono unateleza au kuzunguka juu yake.

Namna ya kuchonga ni ile ya wazee: anza na pembe nne, chukua pembe uwe na nane, chukua tena uwe na kumi na sita, ndipo utoe vikona vilivyobaki kwa msasa. Siri yangu ni kwamba mara nyingi nasimama kwenye nane. Navunja ukali wa pembe kidogo tu, naacha. Pembe nane zinashikika hata mkono ukiwa na jasho au ute wa samaki, na hazihitaji kuvikwa kitu.

Vijana huniomba mipini yenye mabonde ya vidole kama ya mapanga ya sinema. Sichongi, labda mtu alipie na aahidi hatamwazima mwenzake. Mabonde yanakaa kwa mkono mmoja na kwa mshiko mmoja. Ukisogeza mkono sentimita moja, vilima vinaingia katikati ya mifupa ya vidole.

Kitu kidogo kinachosaidia kuliko yote hayo ni kifundo cha mwisho. Acha mwisho wa mpini uvimbe kidogo, kama kichwa cha rungu lakini kwa adabu. Kidole kidogo kinaegemea pale, chombo hakichomoki, na mkono unapata ruhusa ya kulegea.

Nimenunua shoka jipya, mpini unang'aa vizuri, lakini siku ya kwanza tu malengelenge. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umenunua vanishi. Ule mng'ao ni ngozi ya plastiki juu ya mti. Mkono mkavu unang'ang'ania juu yake na ngozi inavutika. Mkono wa jasho unateleza, unakaba. Malengelenge yanatoka kwa njia zote mbili. Mimi mwenyewe mwaka nilioanza kazi nilipasua kuni za msiba kwa shoka la dukani, usiku mmoja tu, na wiki nzima iliyofuata nilikuwa nanawa kwa mkono wa kushoto.

Iondoe. Tafuta kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika chenye ukingo ulionyooka, kifunge upande wa kushikia kwa kitambaa kinene, ukiegemeze kidogo na ukivute juu ya mpini. Kinatoa maganda membamba kama ya kitunguu, na ni safi kuliko msasa kwa kazi hiyo. Vaa miwani. Kisha msasa namba 80, halafu 120. Mwisho 180, na usiende zaidi ya hapo, maana ukiupeleka hadi 400 utakuwa laini kama shavu la mtoto na utateleza tena.

Halafu hatua ambayo watu huiruka: pangusa mpini kwa kitambaa kibichi, uache ukauke juani. Nyuzi za mti zitasimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Zipitie tena kwa msasa wa 180, taratibu. Usipofanya hivyo, jasho lako la siku ya kwanza ndilo litakalozisimamisha, na utazisikia.

Nipake mafuta gani?

Yanayokauka. Mafuta ya kitani (linseed) yaliyochemshwa ndiyo bora. Uliza maduka makubwa ya rangi. Paka kidogo sana, sugua, subiri robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Yote. Rudia kesho, na kesho kutwa. Mafuta yaliyoachwa juu yanagandamana yanakuwa kama ulimbo.

Ya alizeti yanakauka nusu-nusu. Ukiyapaka membamba na kuuacha mpini juani siku kadhaa, yanafaa kwa mtu asiye na mengine. Ya mbegu za pamba ni vivyo hivyo, na sisi wa kanda hii ya pamba hatuna kisingizio cha kuyakosa. Mawese na ya nazi hayakauki kamwe; mpini utakuwa unanuka na kuteleza mpaka kiama.

Nta ya nyuki nzuri inashuka kutoka Tabora. Yeyusha sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta ya kitani ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya mgando. Mpini uliopakwa hiyo haunati wala hauponyoki.

Kuhusu oili chafu ya injini: najua kila mtu kijijini kwenu anatumia, na ni kweli mchwa hawaipendi. Lakini ile oili iliyokwisha kuungua ndani ya injini ina kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi, nawe unaishika kwa kiganja chenye michubuko na jasho, kila siku, miaka. Ipake kwenye nguzo ya uzio kama lazima, ila usiitie kwenye mpini.

Matambara niliyopakia mafuta niyaweke wapi?

Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto. Juu ya mpini hulisikii, lakini ndani ya tambara lililokunjwa joto linakosa pa kutokea, linapanda, na tambara linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti wala cheche. Nilisikia hadithi hiyo nikacheka. Kisha jioni moja nilitupa matambara matatu ndani ya ndoo yenye vumbi la mbao na kuziba kwa kipande cha mbao. Nilipokuwa nafunga mlango nikasikia harufu kama ya mtu anayechoma karanga. Ndoo ilikuwa inatoa moshi, na tambara la katikati lilikuwa jeusi.

Tandaza kila tambara peke yake juu ya waya au jiwe, nje, hadi likauke na kukakamaa. Au litose ndani ya ndoo ya maji.

Tyubu ya baiskeli ni mbaya, basi?

Si mbaya. Inafaa kwa mpini wa chuma, kama wa toroli, beleshi la bomba, au fyekeo la nondo, ambao juani unaunguza na asubuhi unaganda. Chagua tyubu nyembamba kuliko mpini, kata kipande kirefu kidogo kuliko unachohitaji, paka maji ya sabuni ndani, uisukume kama unavyovaa soksi. Maji yakikauka haiondoki. Usiikate utepe na kuviringa ikiwa unaweza kuivika nzima, maana kingo za utepe zinajikunja na ndizo zinazochubua.

Kwa shoka la mikono miwili, usivike kabisa sehemu ya juu. Mkono wa juu unatakiwa kuteleza kushuka unapopiga. Ukiukwamisha kwenye mpira, bega ndilo litakalolipa. Na kwa mpini wa mti wowote, jua kwamba mpira unaficha ufa, na ufa uliofichwa unajulikana siku nyundo inaporuka.

Mpini wa kisu cha samaki unateleza. Niuviringe uzi wa nyavu?

Wengi wa ufukweni wanafanya hivyo na nimefanya mingi. Namna safi ni hii. Kunja uzi kuwa kitanzi, ulaze juu ya mpini, kichwa cha kitanzi kielekee mwisho wa mpini na mkia ubaki ukining'inia upande wa makali. Anza kuviringa upande wa makali, juu ya kitanzi, mzunguko kando ya mzunguko, ukikaza. Ukikaribia kichwa cha kitanzi, pitisha ncha ya uzi ndani yake, kisha vuta ule mkia. Kitanzi kitaingia chini ya mizunguko na kuivuta ncha pamoja nacho. Ikifika katikati acha, kata vilivyobaki. Hakuna fundo la kuchubua mkono.

Lakini kwa kisu cha samaki hasa, ushauri wangu ni usiviringe. Uzi wa pamba unakunywa damu na ute, na siku ya tatu utausikia harufu kabla hujauona. Wa nailoni unaosheka, lakini ukiwa mwembamba unakata kiganja. Viwandani kwenye minofu ya sangara mipini ni ya plastiki inayosuguliwa na kuoshwa, na sababu ni hiyo hiyo.

Kwa kisu cha nyumbani au cha genge, chonga mpini wa pembe nane, kisha kwa msumeno wenye meno madogo chora mikwaruzo ya mshazari, kina kisichozidi nusu milimita. Halafu, na hili ni kubwa kuliko mshiko wenyewe, acha kizuizi mbele: nundu ya mti pale mpini unapokutana na makali. Anayepara sato mkono umejaa ute hakatwi kwa sababu kisu ni kikali. Anakatwa kwa sababu mkono umeteleza mbele. Osha kwa sabuni, anika juani, usikiache ndani ya beseni la maji usiku.

Panga langu lina vibao vya plastiki vimepasuka. Naweza kubadilisha mwenyewe?

Unaweza, na utajuta kwa nini hukuanza mapema. Kwanza tazama kama tatizo ni vibao kweli. Mara nyingi ni vichwa vya ribiti, zile pini za chuma zinazobana vibao, vilivyochomoza au ubavu wa chuma uliopita vibao. Dakika tano za tupa zinamaliza.

Kama vimekufa, toa ribiti kwa tindo na nyundo. Pasua kipande cha mti mkavu pande mbili zinazofanana, unene wa milimita 12 hivi kila kimoja. Vibane pamoja na chuma, toboa kwa keekee kupitia matundu ya zamani. Ribiti tumia misumari ya kawaida inayojaza tundu barabara: weka washa, yaani kipete bapa cha chuma, pande zote, kata msumari ubakize milimita mbili au tatu, kisha ufue kichwa kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi, ukizunguka ukingo hadi uwe kama uyoga. Piga kwa hasira na kibao kitapasuka. Nilipasua vinne kabla sijajifunza hilo.

Kuchonga umbo fanya baada ya kufua. Tumbo linenepe katikati, mwisho ugeuke chini kama mdomo wa kasuku ili kidole kidogo kiwe na pa kuegemea. Kamilisha kwa kuzamisha vichwa vya ribiti kwa tupa mpaka ukipitisha kiganja husikii chuma.

Mti gani unafaa?

Mpera. Watu wananicheka, lakini tawi la mpera lililokomaa lina nyuzi zilizofumana na halipasuki hovyo. Mkole nao ni mti wa mipini tangu enzi za mababu: unanyumbulika, unameza kishindo. Mkaratusi unapatikana kila mahali, ni mgumu, ila ni mzito na unapenda kupasuka ukikaushwa haraka. Mninga uuache kwa makabati. Bei yake haina adabu, na vumbi lake linawasha pua. Msonobari, hapana.

Muhimu kuliko jina la mti ni nyuzi. Tazama kipande ubavuni: nyuzi zikimbie kutoka mwanzo hadi mwisho wa mpini. Zikitokea kando katikati ya safari, hapo ndipo utavunjika, na utavunjika kwa kuchongoka kama mkuki. Ndiyo maana tawi lililopasuliwa kwa shoka linashinda ubao uliokatwa mashineni, kwa kuwa shoka linafuata nyuzi na msumeno haujali.

Na ukauke. Kata kiangazi, Juni hivi, paka nta au rangi kwenye ncha zote mbili, uweke kivulini hadi vuli. Mti mbichi ukiuingiza kwenye jicho la shoka utasinyaa, na kichwa kitaanza kucheza.

Kichwa kikicheza si naloweka tu kwenye maji?

Usiku mmoja kinakaza, kweli. Mti unavimba ndani ya chuma, lakini kwa kuwa chuma hakiachii, nyuzi zinajiponda. Zikikauka zinakuwa nyembamba kuliko awali, na kesho kutwa kichwa kinacheza zaidi. Fundi mmoja wa mitumbwi alikuwa akilaza tezo yake ziwani kila jioni kama mtu anayenywesha ng'ombe. Mpini wake ulidumu miezi. Toa kabari ya zamani, piga mpya ya mti mkavu mgumu, kisha ya chuma kwa kuikingama. Kichwa kinachocheza ni sababu nyingine ya kukaba, maana mwili unajua hatari kabla ya akili.

Nyundo za chuma tupu zenye mpira, za kisasa, si bora kwa kugonga mawe?

Hazivunjiki, hilo sina ubishi. Lakini chuma kinaleta kila kishindo hadi kwenye kiwiko, na mpira wake mwembamba unazuia kidogo tu. Mpini wa mti uliopunguzwa unene kidogo nyuma ya kichwa unanyumbulika na kula sehemu ya pigo. Pia jifunze kulegeza mkono kichwa kinapogusa jiwe. Nyundo inaanguka yenyewe. Kazi yako ni kuielekeza.

Mimi ni fundi umeme. Nikivika plaizi tyubu au selotepu nitakuwa salama?

Hapana, na hapa sitanii. Kuvika kwa ajili ya starehe ni sawa, kwa ajili ya umeme ni kujiua. Plaizi ya kazi ya umeme ina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V kwenye mpini, maana yake imepimwa. Ule mpira ukichanika, plaizi hiyo imerudi kuwa ya waya za uzio.

Tupa yangu haina mpini, naishika kwa mkia wake.

Tupa ikikwama ghafla, ule mkia utaingia kwenye kiganja. Kama huna kitu, chomeka gunzi la muhindi, wazee wamefanya hivyo miaka yote. Linashika vizuri, linakunywa jasho, na likichoka unalitupa. Ukitaka wa kudumu, toboa kipande cha mti tundu jembamba, pasha mkia wa tupa hadi uwe mwekundu hafifu huku mwili wake ukiufunga tambara bichi usipoteze ugumu, uchome njia, upoze, upige.

Glavu je?

Kwa kubeba mawe, vaa. Kwa kushika mpini, glavu nene inaongeza unene wa mpini na inakufanya usiusikie, kwa hiyo unakaba zaidi. Mpini uliochongwa kwa mkono mtupu hautakaa na glavu. Ukipenda kuvaa, njoo nazo nipime nawe umevaa.

Usiku vidole vinakufa ganzi. Nibadilishe mpini?

Badilisha, lakini nenda kituo cha afya kwanza. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata inayokuamsha usiku mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ikiachwa muda mrefu nyama ya shina la kidole gumba inaanza kunywea. Mti hautibu hilo.

Jembe: mpini mrefu au mfupi?

Mgongo unataka mrefu, mazoea yanataka mfupi. Mama zetu walilima matuta ya viazi wameinama jua zima, na hatukuwauliza migongo yao. Kwa kupalilia mimi nachonga unaofika kifuani. Kwa kulima kwa nguvu, unaofika kiunoni.

Mimi natumia mkono wa kushoto.

Mpini wa yai uliosawazishwa pande zote haukuulizi unatumia upi. Unaouliza ni ule wenye mabonde ya vidole niliokwisha kuusema, na wa tezo uliopindishwa pembeni. Sema mapema nipindishe upande wako.

Nina mpini wa zamani wa baba, ulikaa mkononi kama umezaliwa nao, sasa umevunjika. Unaweza kuchonga kama ule?

Hilo ndilo swali nilipendalo. Ndiyo, ikiwa vipande bado vipo. Nauunganisha kwa uzi, naulaza juu ya ubao, nauchora kwa mkaa pande mbili, halafu napima mzunguko kila baada ya sentimita tano na kuandika namba kwenye ubao. Pale mikono yake ilipoula mti kwa miaka ishirini ndipo penye kipimo ambacho hakuna rula inayokitoa, na huwa ni mahali usipopategemea: milimita mbili chini ya kifundo, au bapa dogo la kidole gumba upande mmoja tu. Niletee hata ukiwa umeoza nusu. Usiutie jikoni.